Ubeti wa Tano

Karani wa tume ya kuchunguza maovu ya vita alimuuliza Sikudhani kwa mara ya tatu askari walimfanyia nini. Tangu vita vilipokwisha hakuwa ameweza kumsimulia mtu yeyote. Basi akafumba macho, akaanza kughani shairi alilolitunga peke yake akiteka maji, ubeti mmoja kwa kila askari.

"Mama, sema tu, niandike," karani alimkatiza kwa upole.

"Ndiyo nasema, mwanangu."

Alipofika ubeti wa nne, sauti ilimkatika. Nje, wanawake waliokuwa wakingoja zamu zao walisogea dirishani kusikiliza. Kisha mmoja wao, ambaye Sikudhani hakumjua, akaghani ubeti wa tano, wa kwake mwenyewe, kwa vina vilevile. Karani alibaki ameshika kalamu, asijue aandike jina la nani.