Nyumba ya Bi Siwatu Imeazimwa

Enzi hizo wanafunzi wa uhandisi hawakuazima tena vitabu maktabani. Waliazima nyumba, na wenye nyumba wakiwa humo humo. Nyumba ya Bi Siwatu kule Tanga iligombewa kuliko zote. Wiki ile kijana aliyeiazima alifunga madirisha yote kwa mitambo, yeye yuko chuoni, ili apime joto. Ndani kukawa na joto la kuangua mayai bila kuku.

Bi Siwatu alikuwa amechoka hata kugomba. Akausogelea ukuta, maana ndiko wanafunzi walikosikilizia na kusemea.

"Mwanangu, nifungulie japo dirisha la jikoni. Nakaanga samaki."

"Shikamoo, bibi," ukuta ukajibu. "Vumilia mpaka kesho. Halafu acha kujipepea, unaniharibia vipimo."

"Marahaba. Na kupumua je, niache?"

Kijana akacheka. "Pumua tu, bibi."

"Haya. Kesho ukiirudisha, nitalala madirisha wazi mwezi mzima."

"Sidhani. Mwenzangu ameshaiwekea nafasi, anaichukua Jumatatu."

"Naye anapima joto?"

"Anasomea nyumba zisizo na watu."

"Na mimi niende wapi?"

"Hilo maktaba haijasema, bibi."

Bi Siwatu akarudi jikoni, akaepua samaki, akatandika mkeka na kutenga sahani tano. Kisha akapaza sauti ukuta usikie: "Wanangu, wajukuu zangu, njooni nyote tule!"

Kule chuoni kijana akatazama vipimo vyake.

"Bibi," ukuta ukasema kwa upole, "humo mna joto la mtu mmoja."