Siku Mbili Utende, Siku Mbili Chole

"Mmoja wenu hampi dawa," alisema Nesi Kidawa. "Nataka kujua ni nani."

Wake wawili wa Mabruki walitazamana juu ya kitanda cha zahanati. Katikati yao mume wao alitetemeka, macho nusu wazi, mwili unachoma kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Muulize huyo wa Chole," alisema Siwema, mke mkubwa, mkazi wa hapa Utende. "Kwangu anameza mbele ya macho yangu."

"Kwangu namwamsha alfajiri ameze," alijibu Biasha. "Wewe hata kwa uji humwamshi."

"Uji wako wa maji matupu ndio uliomkondesha!"

"Kimya!" alisema Kidawa. "Mtagombana nje."

Mabruki alikuwa mkwezi, mtu wa minazi thelathini kwa siku. Mwaka 1975 tezi za shingo zilimvimba, na madaktari wa Dar es Salaam wakasema ni saratani. Dawa za saratani zilipunguza uvimbe, lakini zikauacha mwili bila kinga. Kidonda kidogo cha mguuni kikamwangusha kwa homa. Huko Dar walimchoma sindano za aina mbili kwa wiki tatu, mpaka homa ikashuka. Kisha wakamrudisha Mafia na dawa za kumeza za mwezi mzima.

Kidawa alikuwa na barua ya daktari. Ilisema vijidudu vya homa hiyo ni vikaidi. Aina mbili za dawa kwa pamoja ndizo zilizovishinda. Aina moja peke yake haitoshi, itavizoesha dawa tu. Asikose hata siku moja.

Kila Ijumaa Kidawa alimuuliza, "Mzee wangu, unameza zote mbili?"

"Zote mbili, binti yangu. Sijaacha hata moja."

Sasa hakuweza kujibu lolote. Aliyesema ni Kombo, kaka yake, aliyesimama mlangoni.

"Nionyesheni mwanamume mwadilifu kama ndugu yangu. Siku mbili Utende, siku mbili Chole, hata alipokuwa wa kubebwa mpaka kwenye mashua. Sukari ya duka la ushirika aliigawa kwa kikombe, mkimtazama. Na mmoja wenu amemlipa hivi. Nikimjua, hatalala tena kwenye nyumba ya ndugu yangu. Wanawe nitawachukua."

Siwema alianza kulia. Biasha hakulia, alimtazama Kombo bila kupepesa.

"Hesabu haidanganyi," alisema Kidawa. "Kila mmoja aende kwake alete dawa iliyobaki. Yote. Nitahesabu kimoja kimoja, nitajua nani ameruka."

Siwema alirudi upesi, akakaa kwenye benchi, mkono umekaza pindo la khanga. Biasha ilimbidi avuke maji mpaka kisiwani Chole na kurudi. Kidawa alimchoma Mabruki sindano aliyokuwa nayo, ya aina moja, kwa sababu zahanati haikuwa na nyingine. Akamkanda kwa maji. Akamtuma mtu Kilindoni kuomba gari.

Gari halikuja. Biasha alipoingia, saa tisa alasiri, Mabruki alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni.

Kombo alimwacha alie. Aliponyamaza, akasogeza meza ndogo katikati ya chumba.

"Wekeni hapa."

Wakaweka. Kidawa alimwaga dawa za Biasha kwenye sinia, kapsuli nyekundu, akazihesabu kwa ncha ya kalamu. Akazirudia. Kwa siku zote Mabruki alizolala Chole, Biasha hakuruka hata mara moja. Akamwaga za Siwema, vidonge vyeupe. Akahesabu. Akarudia. Naye hakuruka.

"Sema," alisema Kombo. "Nani?"

Kidawa aliweka kalamu chini. Alikuwa anatazama chupa mbili tupu mezani.

"Nilisema mlete yote," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Biasha, vidonge vyeupe viko wapi? Siwema, kapsuli nyekundu?"

Wake wenza wakatazamana tena, safari hii bila chuki.

"Nyekundu sijawahi kuziona, nesi," alisema Siwema. "Alirudi Dar na chupa mbili. Akampa mwenzangu moja, akanipa mimi moja. Mume wetu hakumpunja mtu."