Mkeka wa Kuchimbia

Siku hizi mgeni hakaribishwi kiti, anakaribishwa mkeka. Mkeka unanyonya joto la mwili na kulitumia kuchimba sarafu za simu, kwa hiyo nyumba yenye watu ndiyo yenye ugali. Kwa Salha, pale Makorora, tulijazana tangu asubuhi, tukipiga umbea mpaka koo zinakauka, na sarafu zikiingia moja moja, kila moja na mlio wake kwenye simu.

Ijumaa hiyo simu ya nyumba ikaanza kulia mfululizo kama imerogwa. Tukatazamana. Bi Mwanshamba, mama mkwe wa Salha, akampapasa mjukuu wake aliyelala mkekani katikati yetu.

"Jamani, huyu mtoto anawaka moto!"

Salha akaruka kufuata dawa.

"Subiri kidogo, mwanangu," Bi Mwanshamba akamshika kanga. "Kodi ya mwezi hii hapa inatimia."

"Mama, atapata degedege!"

"Si tunamwangalia? Watu wote hawa!"

Tausi wa nyumba ya pili akadakia, "Shoga, kabla hujampoza niazime na mimi, hata nusu saa." Tukacheka. Salha peke yake hakucheka. Alimnyanyua mwanawe, simu ikanyamaza, akamnywesha dawa na kumpakata kifuani mpaka jasho likamtoka mtoto, akafumbua macho na kuomba maji.

Bi Mwanshamba akamgusa shingoni, akashusha pumzi.

"Amepoa," alisema.

Sebule ilikuwa imejaa watu mpaka mlangoni, na hakuna aliyesema alhamdulillahi.