Nyumbu Aliyetaka Kwenda Peke Yake

Zamani, nyasi zilipokuwa ndefu hadi zinapangusa mawingu, palikuwa na Nyumbu aliyekwisha kuvuka mto mara mia saba. Siku moja Ngiri akamuuliza, "Mjomba, huko ng'ambo kukoje?"

Nyumbu akawaza mpaka ndevu zikatoa jasho. "Kuna mkia," akasema.

"Mkia?"

"Wa mwenzangu wa mbele. Ndio ninaouona kila safari."

Ngiri akacheka mpaka akapiga magoti. "Basi husafiri, mjomba. Unachungwa!"

Maneno yale yakamchoma. Kulipokucha Nyumbu akaondoka peke yake. Akaviona vilima kwa mara ya kwanza, akachagua njia mwenyewe, akamkwepa mamba mrefu kuliko treni, akavuka palipo na maji haba. Kumbe anaweza! Kifua kikamjaa, akageuka amwite Ngiri aje kushuhudia.

Nyuma yake walisimama nyumbu laki tatu, macho yote kwenye mkia wake.

"Jamani! Mimi nakwenda peke yangu!"

"Hata sisi," akajibu wa mbele, bila kuinua macho. "Kila mtu hapa anakwenda peke yake. Sogea basi, unatuzibia njia."