Mgonjwa wa Mazoezi

Mguu wa mgonjwa ulimbakia mkononi. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, akaandika kitu daftarini bila kuinua macho.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa sanamu la plastiki waliloliita Bi Kimya. Mwanamke aliyeushika ule mguu aliurudisha harakaharaka, akaukaza kinyumenyume, na kwa saa nzima Bi Kimya akalala chali huku kisigino chake kikitazama dari.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia kiwandani, akifuma vitambaa, mpaka zilipoletwa mashine zisizohitaji mtu. Yeye na wenzake waliopunguzwa walipewa barua ya shukrani na nafasi ya kujifunza kazi nyingine: kuhudumia wagonjwa majumbani, miezi mitatu. Sharti lilikuwa moja tu. Ukikosa siku tatu, nafasi yako anapewa mwingine.

Mvua nayo ilianza siku ileile ya kwanza ya masomo, wala haikuonyesha dalili ya kuchoka. Aliyeamua sare iwe nyeupe hakuwahi kupita njia ile ya kwenda darasani. Mfumaji aliteleza mbele ya kibanda cha kinyozi, akakaa kwenye tope kama aliyekaribishwa kiti, na wateja wakamwamkia. Siku nyingine upepo uligeuza mwavuli wake ukawa bakuli, akafika darasani ameubeba na maji ndani. Huko nako paa lilivuja usiku kucha juu ya kitanda cha Bi Kimya. Alipomgeuza ubavu, maji yakamwagika kutoka shingoni mwa sanamu kama bomba lililopasuka.

"Huyu tumeshampoteza," mwalimu akasema, akampunguzia alama.

Nyumbani aliishi na mama yake, vyumba viwili, wakipakana ukuta mmoja na mwanamke fundi cherehani. Mama aliposikia habari za mguu alicheka hadi machozi. Kisha akajilaza kitandani, akanyoosha miguu.

"Jifunzie kwangu," akasema. "Yangu haichomoki."

Ikawa ndiyo kazi yao kila jioni. Mwanzoni mama alikuwa mgonjwa wa hovyo. Akigeuzwa alitekenyeka, akioshwa alitoa amri, na katikati ya somo aliinuka kwenda kukoroga sufuria. Lakini kadiri wiki zilivyokwenda alikolea. Mwezi wa tatu wa masomo ulipoingia, mwanawe alikuwa akifika na kumkuta amekwisha kulala tayari, amejilegeza, mzito kama gunia la unga lililolowa. Mkono wa kushoto aliuachia ukaning'inia. Mdomo aliupinda upande, maneno akayatafuna, ikabidi binti ainame kumsikia. Uji ulimchuruzika kidevuni. Hata beseni la haja alilidai, akiuliza ni mgonjwa gani anayekwenda chooni kwa miguu yake.

Binti alicheka, akamsihi asizidishe chumvi. Mama akamjibu polepole kwamba mtihani hautakuwa na mzaha.

Fundi cherehani alimsimamisha asubuhi moja mlangoni, akamwuliza kama ameona kwamba mama haonekani tena uani. Binti alimjibu kwamba kwa mvua hii hata yeye angekuwa na hiari asingetoka. Fundi akatazama dirisha la mama, akarudi kwenye cherehani yake.

Katika zile siku tatu, ya kwanza aliikosa kwa sababu ya mafuriko. Ya pili, daraja lilisombwa. Wiki moja kabla ya mtihani aliamka na homa, kifua kimembana, nje kunanyesha kama kumefunguliwa lango. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama, akasema hana nguvu, bora wampe huyo mwingine hiyo nafasi.

"Vaa viatu," mama akasema. "Sikulala hapa bure."

Akavaa. Alikwenda akikohoa njia nzima, akikasirika kwamba mzee anayeshinda kwenye blanketi kavu anaweza kuwa mkali kiasi hicho.

Kwenye mtihani hakukosea hata hatua moja. Aligeuza, akaosha, akalisha, akabadilisha shuka bila kumwinua mgonjwa. Swali la mwisho lilikuwa la mdomo: utamtambuaje mgonjwa aliyepoteza nguvu upande mmoja wa mwili? Wenzake walikariri kitabu. Yeye alieleza jinsi mkono unavyokuwa mzito ukiuinua, jinsi chakula kinavyobaki shavuni, jinsi mtu anavyotafuta neno analolijua na kulikosa.

Mwalimu aliweka kalamu chini, akamwuliza amemwona wapi mgonjwa wa namna hiyo.

"Sijamwona. Ni mama yangu, huwa ananiigizia."

Mwalimu akacheka, kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu, akampa alama zote.

Siku ya vyeti mvua ilikatika. Alirudi nyumbani karibu anakimbia, karatasi ameikumbatia kifuani. Mama alikuwa amelala vilevile, uso umeelekea mlangoni.

"Nimefaulu, mama. Inuka basi, tutoke tukaote jua."

Mama alinyoosha mkono wa kulia, akaipokea karatasi, akaitazama kwa muda mrefu. Alitaka kujua kama ina mhuri. Binti akamwonyesha.

"Hawawezi kukunyang'anya tena?"

"Hawawezi."

"Basi niitie daktari, mwanangu," mama akasema. "Wiki ya tano hii, siigizi."