Ng'ombe Wanane wa Dalmas

Dalmas Obiero alikuwa mfugaji wa kwanza kufika ofisini Pap Onditi kuomba serikali isimlipe.

"Toa jina langu, daktari," alimwambia Wakoli, afisa wa mifugo. "Hiyo ruzuku wape wengine."

Wakoli alifungua orodha. Ruzuku ilikuwa ya ng'ombe wa gredi, wale chotara wa maziwa, kwa kila kichwa. Dalmas alikuwa amejiandikisha mwenyewe mwezi Januari: ng'ombe wanane, sahihi chini. Machi ikaja amri kwamba majina yote yasomwe hadharani, kwenye baraza la chifu, ili mwananchi yeyote apate kupinga.

"Jina haliondolewi, Mzee. Litasomwa Ijumaa."

"Basi lisome kwa sauti ndogo."

Wakoli hakucheka. Afisa aliyemtangulia alifutwa kazi kwa sababu ya ng'ombe watatu waliopatikana kwenye karatasi tu. Yeye sasa alikuwa na wanane wa kutilia shaka. Asubuhi iliyofuata alipanda baiskeli hadi kwa Dalmas. Alimkosa, akamkuta mkewe, Anyango, akikamua. Zizini mlikuwa na ng'ombe mmoja.

"Wengine wako wapi, mama?"

"Wengine gani? Ni huyu tu. Miaka tisa niko hapa, ni huyu tu." Akaendelea kukamua. "Kwani karatasi inasema wangapi?"

"Wanane." Haikuwa siri, ndiyo maana ya amri yenyewe.

Maziwa yakaacha kulia ndooni.

"Na inasomwa siku gani, daktari?"

"Ijumaa, saa nne."

Anyango alimshukuru, akamwekea kikombe cha maziwa.

Ijumaa uwanja ulijaa. Wakoli alisoma majina yote kwa sauti moja, kubwa, bila kumtazama mtu. Alipofika kwa Dalmas Obiero, ng'ombe wanane, watu walipiga kelele.

"Wanane wa wapi? Huyo amehesabu miguu!"

"Hata miguu amezidisha!"

Dalmas alisimama mara moja.

"Ni kweli, nilidanganya. Niko na mmoja. Chifu, ukitaka kunifunga, nifunge."

Wakoli hakuwahi kumwona mwizi mwenye haraka hiyo. Lakini mmoja zizini na mmoja kwenye karatasi ilikuwa hesabu isiyoweza kumfukuzisha mtu kazi. Alitoa kalamu afute.

"Ngoja kidogo, daktari." Alikuwa Joram, jirani. "Dalmas, yule mwekundu uliyeniletea nikufugie ni wa nani?"

Dalmas alianza kuketi.

"Nauliza mbele ya chifu. Kama si wako, basi ni wangu."

"Na wale watatu walio kwangu," Maximilla alisema kutoka upande wa akina mama. "Mimi zawadi sikatai."

"Mimi pia niko na watatu," Oduor akadakia. "Asante sana, Dalmas. Mungu akubariki."

Uwanja mzima ulicheka isipokuwa chifu, aliyetaka jibu la Dalmas, ndiyo au hapana, liandikwe. Dalmas alimtazama Joram, akamtazama Maximilla, kisha akatazama watu wa nyuma kabisa, na huko alikawia. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Ni wangu," alisema. "Wote."

Wakoli alirudisha kalamu mfukoni. Orodha yake ilikuwa sahihi mpaka mkia wa mwisho. Akauliza, kama utaratibu ulivyotaka, kama kuna mwenye pingamizi.

Nyuma kabisa mzee mmoja aliinuka, na wanawe wanne wakainuka naye.

"Mimi ni babake Anyango," alisema. "Tumetoka Luanda Kotieno jana. Pingamizi hatuna, daktari. Sita kati ya hao ni mahari yetu tunayodai miaka tisa, na kamba tumekuja nazo."