Safu Mbili za Herufi

Katika maabara ya hospitali, Mwanasha aliweka rula chini ya safu mbili za herufi, kila herufi ikisimama badala ya asidi amino moja, tofali la kujengea protini. Safu ya juu ilikuwa ya protini nzima inayoingiza asidi amino ndani ya bakteria, na dawa pekee iliyobaki hupitia humo humo. Ya chini ilitoka kwa bakteria waliomlaza wodini mdogo wake, Shebe. Zikilingana, dawa itafanya kazi.

Zililingana mpaka katikati ya ukurasa, kisha ile ya chini ikakatika: protini nusu, isiyoweza kupitisha dawa.

"Nianze kumpa?" Dokta Kombo aliuliza mlangoni.

"Subiri kidogo, dokta. Nimekosea kusoma, narudia."

Ilikuwa mara ya nne. Dokta alisogea, akazitazama safu zile, akaelewa. Akavuta kiti, akaketi kando yake, akaanza kumsomea herufi moja moja.